Mafundi wawili, klasta moja: nimelipa mara tatu ndo stoo ikarudi hewani

Wakuu habari za saa hizi. Nimekaa na hii wiki tatu nikasema acha niiandike tu, maana najua kuna watu wa biashara hapa Arusha na Moshi wana seva zao ndani ya ofisi na siku zikigoma hawajui wamwite nani, wanamwita yeyote mwenye laptopu. Nimelipa fundi wa kwanza mara mbili, wa pili mara moja, na tofauti yao ni kama mbingu na ardhi ingawa wa pili naye ana mambo yake nitayasema. Majina yao siandiki.

Kwanza mjue naongea kutoka wapi. Mi ni mtu wa IT kwa kuitwa tu, niliajiriwa kama mhasibu msaidizi, siku moja printa ikagoma nikaitengeneza mbele ya bosi, basi tangu siku hiyo kila chenye waya pale ni changu. Tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla, bati, nondo, saruji, rangi, misumari, stoo kubwa iko Unga Limited na tawi liko Moshi, kilometa kama 80 hivi. Miaka kadhaa nyuma mzee (bosi wetu) aliuziwa mfumo wa seva mbili zilizofungwa pamoja kama klasta, ndani yake SQL Server (programu ya kutunza databesi), na juu ya hizo seva zimekaa instansi mbili, yaani SQL Server mbili kila moja inajitegemea, moja tunaiita STOO (mauzo na mzigo) na nyingine FEDHA (uhasibu). Diski ni moja ya pamoja, seva ni mbili.

Kwa asiyejua klasta, ni kama dereva na deiwaka wake. Dereva akichoka deiwaka anashika usukani, gari ile ile, njia ile ile. Instansi ina jina lake na anwani yake ya IP (namba yake kwenye mtandao) ambavyo vinahama nayo, ikiwa seva ya kwanza jina liko huko, ikihamia ya pili jina linaenda nayo, kwa hiyo keshia hajui wala hana haja ya kujua nani anaendesha. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa siku ya kununua. Abiria hawashuki, walisema. Kumbe wanashuka bwana, kila aliyekuwa ameunganishwa anakatwa na programu yake inatakiwa ijiunge upya, ila hilo nimelijua juzi juzi.

Sasa Jumatatu moja ya Julai, ile baridi yetu ya kupulizia mikono, saa mbili na dakika kumi keshia ananipigia, stoo haifunguki. Nafika, kweli, kompyuta zote za mauzo zinaleta kosa namba 26, linasema halioni seva au instansi uliyoitaja. Naenda uhasibu, wao wanaingia vizuri kabisa wanakunywa chai. Napiga Moshi, nao hawaingii. Lori la mteja wa Karatu liko nje linasubiri nondo, dereva anapiga honi, mzee kashuka ngazi kavaa kofia ya baridi, ananiangalia tu haongei. Mnalijua hilo jicho.

Nikampigia fundi wa kwanza. Huyu ana ofisi nzuri hapa mjini, sio mbali na Mnara wa Saa, shati la kampuni, kadi ya biashara, na sifa yake moja nampa bila kinyongo: alifika ndani ya dakika arobaini. Akafungua laptopu, akapingi jina la stoo, likajibu. Akasema umeona, seva iko poa, tatizo ni programu yenu. Nikamwambia uhasibu wanaingia. Akasema basi kuna mgando, turistati. Akaristati seva ya pili na kweli baada ya dakika chache keshia akapiga kelele imefunguka! Watu wakashangilia, lori likapakiwa, 250,000 ikalipwa, risiti ya EFD ikatoka hapo hapo. Nikamuuliza na Moshi je, mbona wao bado? Akasema Moshi ni intaneti yenu, wapigieni watu wa intaneti. Akaondoka.

Watu wa intaneti wakasema laini iko safi. Na kweli ilikuwa safi, maana Moshi walikuwa wanafungua kila kitu isipokuwa stoo. Siku zote hizo tawi zima likauza kwa kaunta buku, wanatupigia simu, dada naomba uangalie bati geji 30 za bluu zimebaki ngapi, na sisi tunaangalia tunawajibu. Nadhani mnaelewa hesabu za mwisho wa mwezi zilivyokuwa.

Jumatano asubuhi ikagoma tena Arusha. Kosa lile lile 26. Fundi akaja, akaristati, ikarudi, 250,000 nyingine. Safari hii nikamuuliza sababu ni nini, akasema mifumo hii inahitaji kupumzishwa, mkataba wa matengenezo ya kila mwezi ungesaidia. Hapo roho ikanikataa. Kama dawa ni kuzima na kuwasha, mlinzi wetu wa usiku anaweza.

Wa pili ni dada mmoja wa Moshi, nilielekezwa na mteja wetu fundi umeme. Nianze na ubaya wake kabisa ili niumalize. Hapokei simu. Nilipiga mara nne Jumatano mchana, kimya, saa tatu baadaye ikaja meseji: nitumie picha ya kosa la Arusha na picha ya kosa la Moshi, zote mbili, usinielezee kwa maneno. Nikaona huyu naye ana maringo. Nikatuma. Na hapo ndo nikaona kitu ambacho siku tatu sikukiona wakati kilikuwa kwenye skrini: makosa yalikuwa tofauti. Arusha ni namba 26, yaani hata haijui iulizie wapi. Moshi lilikuwa linazunguka kama sekunde kumi na tano halafu linasema muda umeisha, yaani inajua inapokwenda ila haifunguliwi. Akajibu neno moja tu, "magonjwa mawili", na kesho yake saa nne kasoro akashuka stendi na begi la mgongoni.

Mzee alitaka aende moja kwa moja chumba cha seva. Dada akamwamkia, akaomba karatasi, akakaa pale mapokezi na chai ya tangawizi na chapati akaanza kuniuliza. Ni kompyuta moja au zote? Programu moja au zote? Instansi moja au zote mbili? Tawi moja au yote? Ilianza lini, na kabla ya hapo usiku kulitokea nini? Hilo la mwisho nikakumbuka, Jumapili usiku umeme ulicheza, ukakatika ukarudi. Na Jumanne usiku? Nao pia. Akaandika. Mzee akaninong'oneza huyu amekuja kufanya sensa? Nusu saa nzima hajagusa kompyuta hata moja.

Halafu akaanza kutembea na njia kipande kwa kipande, na hapa ndo nataka mkae kidogo maana hii nimeibeba kama elimu. Kipande cha kwanza ni jina: jina la stoo linapotafutwa kwenye DNS (daftari la majina na IP zake) linaleta IP ipi, na ndiyo IP ya instansi yenyewe au ya seva? Mtu asije akaandika jina la seva ya kwanza kwenye programu yake, maana siku instansi ikihama atabaki anaongea na nyumba tupu. Letu lilikuwa sawa. Kipande cha pili ni poti, yaani namba ya mlango wa kuingilia kwenye programu ndani ya mashine, na akasema pingi haihesabiki kabisa, pingi inakuambia mashine ipo macho tu, haigusi mlango wowote, ni sawa na kupiga kelele hodi ukasikia mbwa akibweka ukasema basi mwenye nyumba ananikaribisha. Anatumia telnet (programu ndogo ya kujaribu kuunganisha) kwenda kwenye ile IP na namba ya poti, ikifunguka skrini nyeusi mlango upo wazi, ikigoma kuna kitu katikati.

Namba ya poti aliitoa wapi? Kwenye faili la kumbukumbu la SQL Server lenyewe, linaitwa ERRORLOG, kila ikiwaka inaandika inasikiliza IP gani na poti gani. Mimi miaka yote nilikuwa najua ni 1433 maana ndo wanavyosema wote. Ile 1433 ni ya instansi ya kawaida isiyo na jina la ziada. Instansi zenye jina kama za kwetu, usipozipangia wewe namba, zinajichagulia yoyote iliyo wazi, na programu ya mauzo inapotaka kuingia inauliza kwanza huduma inayoitwa SQL Server Browser kwa UDP (njia moja ya kutuma ujumbe mtandaoni) poti 1434, "STOO anakaa chumba namba ngapi?", ikijibiwa ndo inaenda. Kosa 26 maana yake mara nyingi ni kwamba hilo swali la kwanza halikujibiwa. Imeulizia chumba, mapokezi hakuna mtu.

Ikafika saa nane mchana wateja wamepungua, akamwambia mzee anaomba ahamishe stoo kwa makusudi iende seva ya pili. Mzee akashtuka, "Binti yangu, gari linatembea wewe unataka ulizime?" Akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, usiku linazimika lenyewe na mimi nikiwa sipo." Mzee akacheka kidogo, akakubali. Akahamisha. Keshia hapo hapo: imegoma! Kosa 26. Kwa mara ya kwanza nikafurahi kuona lile kosa, maana sasa tulikuwa tunaliita sisi linakuja.

Akaingia kwenye seva ya pili yenyewe, akaunganisha stoo akiwa humo humo ndani, ikakubali. Kompyuta ya keshia, inakataa. Kwa hiyo databesi ni nzima, kinachozuia kiko mlangoni pa seva ya pili. Akafungua fayawoli ya Windows (mlinzi anayeamua nani apite kutoka mtandaoni) ya seva ya kwanza na ya seva ya pili akaziweka pembeni kwa pembeni. Aliyefunga mfumo zamani kwenye seva ya kwanza aliruhusu Browser na programu ya STOO. Kwenye ya pili aliruhusu FEDHA peke yake, ambayo uhasibu wanaiendea kwa namba ya poti bila kuuliza Browser, maana FEDHA ndo ilikuwa inakaa huko. Fayawoli haihami na instansi! Jina linahama, IP inahama, diski inahama, ila kanuni za fayawoli kila seva ina zake na lazima uzifungue kote kwa mkono wako. Deiwaka kashika usukani vizuri tu ila pale kizuizini hawamjui.

Na hapo mchezo wa fundi wa kwanza ukaeleweka wote. Seva ya kwanza betri ya UPS yake imekufa, umeme ukicheza usiku inazimika, stoo inahamia seva ya pili, asubuhi fayawoli inaizuia. Yeye akiristati seva ya pili, klasta inairudisha stoo kwenye ya kwanza kulikofunguliwa, FEDHA nayo inarudi kwake ya pili ikishawaka, kila mtu anashangilia. Yaani alikuwa anaponya kwa bahati. Sisemi alikuwa tapeli, nadhani naye aliamini, ila laki tano zimeenda na sababu hakuigusa.

Sasa ugonjwa wa pili, wa Moshi. Zamani mtu fulani kwenye kompyuta za Moshi aliweka jina la mkato linaloelekeza moja kwa moja kwenye namba ya poti ambayo stoo ilikuwa imejichagulia enzi hizo, na rauta inayounganisha ofisi mbili kwa VPN (njia ya faragha kupitia intaneti) ikaruhusiwa namba hiyo hiyo tu. Miaka yote ikafanya kazi kwa sababu SQL Server ikiwaka inajaribu kurudia namba yake ya mwanzo. Ile Jumapili usiku ilipohamia seva ya pili ikakuta namba ile imeshashikwa na kitu kingine, ikachagua nyingine, ikaiandika, na hata iliporudi seva ya kwanza ikabaki na hiyo mpya. Arusha hawakuathirika na hili kwa sababu wao wanauliza Browser kila mara. Moshi wakabaki wanagonga chumba ambacho mpangaji kahama. Na mi naambiwa nipigie watu wa intaneti!

Dawa aliyoweka ni moja kwa magonjwa yote mawili. STOO akaipa poti ya kudumu, 1450, kwenye Configuration Manager (kifaa cha mipangilio ya SQL Server) sehemu ya IPAll, ile nafasi ya namba ya kujichagulia anaifuta kabisa iwe tupu, hata sifuri asiache, ya chini yake anaandika 1450. Kuizima na kuiwasha hakufanya kwenye orodha ya huduma za Windows kama tulivyozoea, alifanya kwenye meneja wa klasta, maana ukiizima pembeni klasta inaona mgonjwa kafa na inaanza kuhangaika kumfufua. Halafu fayawoli ya seva zote mbili ikafunguliwa 1450, rauta nayo 1450, na kwenye programu badala ya jina la instansi tunaandika jina, mkato, namba, hivi: SQLSTOO,1450. Ukishaweka namba hata ukiandika na jina la instansi halisomwi, inaenda kwenye namba moja kwa moja, na Browser haihitajiki tena.

Ile UDP 1434 ya Browser akakataa kuifungua kupita VPN. Kwa nini? Tukiwa tunakula (ndizi nyama, mzee ndo aliagiza, dalili kwamba moyo umelainika) akanisimulia kuhusu Slammer, yule mdudu wa Januari 2003 aliyeingia kwenye seva za SQL Server dunia nzima kwa kupitia UDP 1434 hiyo hiyo, mdudu mwenyewe baiti 376 tu, mfupi kuliko meseji tatu za simu, na dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa tangu Julai 2002, watu hawajaiweka. Tangu hapo yeye mlango usiohitajika anaufunga. Nilisahau kutafuna.

Ijumaa akawa kwake Moshi akaenda tawini. Hapo na mimi nimo kwenye makosa. Asubuhi mapema alinitumia meseji kwamba wanaweza kuanza kubadilisha lile jina la mkato wenyewe, nikampigia binti wa mauzo wa Moshi nikamwongoza kwa simu, ingia cliconfg (kifaa cha Windows yanakoandikwa hayo majina ya mkato), badilisha namba, weka 1450, okei. Programu ikagoma vile vile. Tukarudia. Ikagoma. Nikaanza kuwaza tumerudi mwanzo. Dada alipofika akacheka, akasema programu yenu ya mauzo ni ya zamani, ya biti 32, na Windows ya biti 64 ina cliconfg mbili, kila moja na daftari lake. Ukiandika jina tu inafunguka ya biti 64, ambayo programu yenu haiisomi. Ya biti 32 iko kwenye folda la SysWOW64, na ya biti 64 ndo iko kwenye System32. Someni tena hiyo sentensi. Sijui walikuwa wanawaza nini waliopanga majina hayo ila ndivyo ilivyo, na ukijaribu kwa kifaa kingine cha biti 64 kitakwambia kila kitu kiko sawa huku keshia analia pembeni yako.

Kompyuta moja ya Moshi ikafunguka halafu ikasema kulogini kumeshindikana, kosa 18456. Binti akapaniki, mi kwenye simu nikapaniki. Dada akasema hongereni mmefika. Kosa hilo maana yake umeshapita jina, umeshapita poti, umeshapita fayawoli, sasa mlinzi wa ndani ndo anauliza kitambulisho. Usiguse tena mtandao. Na kwenye skrini ya mteja halikuambii kosa lako hasa ni lipi, ni kwa makusudi ili mwizi asipate fununu, ukweli unauangalia kwenye ERRORLOG kule kwenye seva kuna namba ya hali, 8 ni paswadi mbaya, 5 ni jina la mtumiaji halipo. Yetu ilikuwa 8. Kulikuwa na herufi kubwa imewashwa, basi. Aibu tupu.

Laptopu ya meneja wa tawi nayo ikaleta la kwake, kitu cha SSPI (Windows inavyothibitisha mtumiaji), hiyo ilikuwa saa tu, ilikuwa nyuma dakika ishirini na zaidi, na logini ya Windows kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika tano. Ikarekebishwa saa, kwisha.

Kitu kilichonifanya niandike haya yote ni cha mwisho. Nilishika hela mkononi Ijumaa jioni nataka kumtumia, akasema bado. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla hatujafungua akanifanya nije ofisini (baridi ya Unga Limited saa hizo msiniulize), yeye yuko kwake Moshi kaingia kwa VPN, tukahamisha stoo kwenda seva ya pili, nikajaribu, ikafunguka. Tawini binti akajaribu, ikafunguka. Tukarudisha ya kwanza, tukajaribu wote tena. Tukahamisha na FEDHA vile vile ambayo hata haikuwa na tatizo, na kumbe ingekuwa nalo, maana kwenye seva ya kwanza haikuwa imefunguliwa, siku ingehamia huko na kubaki, uhasibu nao wangepiga yowe. Akafungua, tukajaribu. Ndo akasema sasa nitumie. 400,000 na nauli yake.

Na akaacha karatasi. Mbili, za kuandika kwa mkono, mchoro wa seva, majina, IP, poti, ufanye nini kwanza na nini baadaye. Ubaya wa pili huo hapo: mwandiko wake ni wa daktari. Nimekaa na mhasibu mkuu tunabishana kama hii ni 1 au 7 mpaka nikachapa upya. Ubaya wa tatu, risiti ilikuja baada ya siku sita na mhasibu wetu alikuwa ananisumbua kila asubuhi kama mi ndo nimezikula. Fundi wa kwanza kwa risiti na kwa kuwahi anamshinda kwa mbali, lazima niseme ukweli. Kama seva yako imezimika tu na unataka mtu wa kufika ndani ya saa moja akubonyezee kitufe, yule wa kwanza atakufaa.

Nyota nikitoa, wa kwanza mbili, na moja kati ya hizo ni ya mwendo. Wa pili nne na nusu, nusu nimekata kwa simu. Mzee yeye hadi leo anasema dada alikaa na kalamu muda mrefu kuliko na kompyuta, kwa nini alipwe laki nne, nikamwambia mzee ile kalamu ndo tumeilipia. Akaguna. Ila namba yake kaisevu, niliona.

Kuna jambo moja alisema tulifanye na hatujalifanya vizuri, kuongeza muda wa kusubiri kwenye programu ya mauzo kutoka sekunde 15 hadi 30, kwa sababu stoo ikihama inachukua muda kidogo kuamka upande wa pili na programu ikikata tamaa mapema keshia anaona kosa bila sababu. Aliyetuuzia programu anasema ni lazima alipwe kuibadilisha. Tunaendelea naye.

Alhamisi iliyopita usiku umeme ukacheza tena. Mi nimelala Sakina sina habari. Asubuhi nafika saa mbili na nusu, naangalia kwenye klasta, stoo iko seva ya pili tangu saa tisa usiku. Nikapiga Moshi nauliza mko salama? Binti akasema mbona unauliza, tumeshauza bati arobaini na mfuko wa mwisho wa saruji, leteni mzigo.

Betri ya UPS bado haijanunuliwa. Mzee anasema mwezi ujao.